Mtoto akigoma kubadilishwa nepi ana sababu yake

Wazazi wengi mliniomba haya niliyoongea kwenye kikao chetu cha Ipagala hapa Dodoma niyaweke kwa maandishi ili na wale ambao hawakufika wasome, basi ndo haya, nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni.

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Mbukwenyi! Asanteni sana. Mwenyekiti wa mtaa asante kwa kutupatia eneo na viti, na nyie kina baba mliokuja nawaona kule nyuma, sogeeni mbele jamani maana haya maneno ni yenu pia, mikono inayoweza kumrusha mtoto juu akacheka inaweza na kumbadilisha nepi.

Kazi yangu mnaijua, ni mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, wazazi wanaondoka asubuhi na mapema kwenda Mtumba maofisini, wengine soko la Majengo, wengine soko la Job Ndugai kule, wanatuachia mtoto na begi lake, ndani ya begi kuna pampasi, kuna nepi za kitambaa, kuna mafuta ya mgando, na hazipiti siku nyingi bila mzazi kuniuliza swali lile lile, mlezi huyu mtoto nyumbani tunapigana naye, nikimlaza tu anajipinda mgongo, anapiga mateke, anageuka anakimbia na kinyesi chake, kwenu huwa mnamfanyaje? Na anayeuliza unamuona kabisa amechoka, wengine machozi yanawalenga, anadhani mtoto wake ana tabia mbaya au yeye ndo mama asiyeweza. Leo nataka niliseme hili kwa sauti, mtoto wa miezi tisa hana ukorofi. Hana. Akigoma kuna kitu anakukatalia, kazi yetu ni kukijua hicho kitu, na mara nyingi anachokataa ni kule kunyakuliwa ghafla alipokuwa akalazwa chali bila kuambiwa hata neno moja.

Ila kabla sijafika huko tuanze na mwili, maana hapo ndo pa kuwa makini.

Mtoto ambaye siku zote anabadilishwa vizuri tu, alafu ghafla anaanza kulia ukigusa nepi, huyo usimuimbie wala usimpe cha kuchezea, mpeleke kwenye mwanga umfungue umuangalie. Mkojo ukikaa pamoja na kinyesi, vijidudu vya kwenye kinyesi vinauvunja ule mkojo inatoka amonia, ndo ile harufu inayochoma pua asubuhi ukifungua nepi ya usiku. Ngozi ya mtoto ina uasidi wake mdogo unaoilinda, amonia inauondoa, na hapo vimeng'enya, vile vya kusaga chakula tumboni, vilivyomo kwenye kinyesi vinapata nguvu ya kuishambulia ngozi. Akiwa anaharisha ndo kabisa, panachubuka haraka sana. Sasa wewe unampitishia kitambaa pale palipochubuka, anaumia, kesho yake akiona tu kile kitambaa analia kabla hujamgusa, ameshakumbuka, na wewe unasema huyu mtoto amebadilika.

Ukikuta wekundu uko kwenye sehemu zilizotuna, matako na mapaja, lakini ndani ya mikunjo pako salama, hiyo kwa kawaida ni michubuko ya unyevu. Badilisha mara kwa mara, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini usisugue, muache wazi kidogo juu ya kanga apate hewa, kisha paka krimu yenye zinki au mafuta ya mgando, na upake tabaka nene hasa lionekane, maana kazi yake ni kuzuia mkojo usifike kwenye ngozi. Lakini ukikuta wekundu umeingia mpaka ndani ya mikunjo ya mapaja na pembeni kuna vidoti vidoti vyekundu vimesambaa, hiyo mara nyingi ni fangasi, hapo mafuta ya mgando peke yake hayataisaidia ngozi, nenda kituo cha afya upewe dawa yake. Na nawaomba sana, zile krimu za mchanganyiko ambazo mtu anakwambia dukani hii inatibu kila kitu, msimpake mtoto kwenye nepi bila kuandikiwa na daktari, nyingi zina steroidi kali ndani yake, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na ngozi ya pale ambayo imefunikwa muda wote inanyonya dawa kuliko sehemu nyingine. Poda nayo achaneni nayo, vumbi lake mtoto analivuta linaingia kwenye mapafu. Akiwa na homa, au analia kila akikojoa, au kuna malengelenge au usaha, au zimepita siku mbili tatu unamtunza vizuri na hakuna nafuu, kituo cha afya, usisubiri.

Kingine ni maji na baridi yetu ya hapa Dodoma. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, unafua nepi ya kitambaa kwa sabuni ya unga, na kwa vile maji ni ya kununua kwa dumu unasuuza mara moja tu, jua letu hili linaikausha nusu saa, unaitoa kwenye kamba imekakamaa, sabuni bado imo, alafu unamvalisha mtoto, atakubali vipi? Suuza vizuri mpaka maji yatoke hayana povu, na kama una maji laini hata kidogo, ya mvua mliyokinga, yaweke yawe ya suuza ya mwisho. Ikikauka ifikiche kwa mikono ilainike kabla hujamvalisha. Na Juni mpaka Agosti asubuhi ule upepo wetu mnaujua, mtu mzima mwenyewe anavaa sweta, mtoto anavuliwa anapakwa waipsi ya baridi tumboni. Weka maji ya moto kwenye chupa ya chai pembeni, changanya kwenye kopo, jaribu kwa kiwiko, mikono yako ipashe kwanza, mvue chini tu juu umfunike kanga. Kuna watoto ambao mgomo wao wote uliishia hapo, ilikuwa baridi tu basi.

Sasa tuje kwenye lenyewe, yule mtoto ambaye hana upele, hasikii baridi, hana homa, na bado anagoma.

Angalieni umri. Wanaanza kujigeuza kwenye miezi minne mpaka sita, wanatambaa kwenye miezi saba, nane, tisa, wanashika ukuta wanasimama, na hapo hapo ndo vita ya nepi inapoanza, inaenda mpaka mwaka na nusu, wengine miaka miwili. Kwanini iwe muda ule ule? Kwasababu amepata kazi ya kufanya. Mtoto anayetambaa yuko kazini kabisa, anamfuata sisimizi kwenye sakafu, anavuta pazia, anajaribu kusimama kwa mara ya ishirini, na kwake hilo ndo jambo kubwa duniani kwa dakika hiyo. Chukulia wewe umekaa na ugali wako wa uwele na mlenda, tonge liko mkononi, mtu anakuja kwa nyuma bila hodi anakunyanyua, anakulaza chali, anaanza kukuvua nguo huku anaongea na simu. Ungetulia? Na mtoto akilazwa chali haoni chochote zaidi ya dari, kila alichokuwa anakifanya kimepotea, hajui kama atakirudia au ndo basi, kwaiyo anageuka akitafute.

Kulikuwa na daktari wa watoto huko Hungaria anaitwa Emmi Pikler, mwaka 1946, vita kuu ya pili imeisha, watoto wengi hawana wazazi, akaanzisha kituo cha kuwalea jijini Budapest kwenye mtaa wa Lóczy. Watoto wengi walezi wachache, unaweza kudhani pale mtoto angebadilishwa haraka haraka apite mwingine. Yeye akawafundisha walezi kinyume chake, kwamba kuogesha, kulisha na kubadilisha nepi ndo muda wa mtoto kuwa na mtu wake peke yake, mlezi asiwe na haraka, amwambie mtoto kabla hajamgusa, asubiri ajibu kwa mwili wake, na amuombe asaidie. Hata mtoto mchanga. Mi nilipofundishwa haya mwanzoni niliyaona ni ya watu wenye nafasi, lakini kituo kile kilikuwa cha yatima baada ya vita, hawakuwa na nafasi hiyo kutuzidi sisi.

Na sisi wenyewe tunalo hilo. Desemba 2021 hapa hapa Dodoma serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile mnaisikia PJT-MMMAM, na moja ya maeneo yake matano ni malezi yenye mwitikio, yaani kusoma dalili za mtoto na kumjibu. Mzazi anasikia malezi yenye mwitikio anadhani ni kitu cha kununua au cha kutengewa siku yake. Mtoto wako unambadilisha mara sita, mara nane kwa siku, hapo ndo pa kufanyia, huhitaji kutafuta muda mwingine.

Juzi Alhamisi kituoni kulikuwa na mtoto wa kiume anatambaa vizuri, ameshika mfuniko wa sufuria anaugonga sakafuni alafu anatulia anasikiliza mlio. Nepi imejaa, harufu imeshafika mlangoni. Mwenzangu hakumnyakua. Alikwenda akachuchumaa mbele yake usawa wa macho, akamuonesha nepi safi, akamwambia twende tukabadilishe, akanyamaza. Mtoto akamuangalia, akagonga mfuniko tena, akamuangalia tena. Mwenzangu akanyoosha mikono yote miwili, akaiacha pale hewani, hakumgusa. Yule mtoto akasogeza kifua mbele kidogo tu, ukiwa mbali huoni, hiyo ndo ilikuwa ndio yake. Akabebwa na mfuniko wake mkononi mpaka kwenye mkeka, akabadilishwa huku anaulamba, akarudishwa pale pale alipotolewa akaendelea kugonga.

Nataka mshike hapo kwenye kurudishwa. Wengi tukimaliza kubadilisha tunampeleka mtoto kwingine, mgongoni, kitandani, kwa dada. Mrudishe pale pale ulipomtoa, kwenye kitu chake kile kile, akizoea kwamba nepi ikiisha narudi kwenye kazi yangu, ile hofu ya kupokonywa inapungua siku hadi siku.

Na kabla hujamwita, kila kitu kiwe tayari. Kopo la maji, kitambaa, nepi safi umeshaikunjua, mfuniko wa mafuta umeshafungua. Ukianza kutafuta mafuta wakati mtoto yuko uchi, yeye naye anaanza safari zake. Kisha ongea naye kila hatua, navua hii, maji hayo yanakuja, nipe mguu, huu mwingine, inua. Mtoto wa mwaka mmoja ukimwambia inua kila siku, siku moja atainua matako mwenyewe na utashangaa, anashiriki kabisa. Usimnyanyue kwa kushika vifundo vya miguu vyote viwili juu, pitisha mkono chini ya kiuno umuinue kwa upole, wengi wanapiga mateke kwasababu ya kule kuning'inizwa tu.

Akitaka kugeuka mwache ageuke. Nepi inavuliwa hata akiwa amelala kifudifudi, na kwa kinyesi pale nyuma unaona vizuri zaidi. Aliyeshaanza kusimama mbadilishe amesimama, ashike kiti au ndoo iliyopinduliwa, wewe umepiga magoti nyuma yake, kwa mkojo peke yake hii ndo rahisi kuliko zote, na zile pampasi za kuvaa kama chupi zinasaidia hapo. Mtoto wa kike futa kutoka mbele kwenda nyuma siku zote, hata kama amesimama, hata kama unawahi, kinyesi kikienda mbele ndo mambo ya maambukizi ya mkojo yanapoanzia.

Mpe kitu cha kushika, na kiwe cha pale mkekani tu, kijiko cha plastiki, kopo tupu kubwa, kitambaa chenye rangi. Vifuniko vya chupa, hereni, sarafu, hapana, vinaingia kooni. Kopo la poda au la krimu lisilofungwa vizuri hapana pia. Mkubwa mkubwa kidogo mpe kuchagua, ya njano au ya bluu, akichagua ameshakubali nusu. Simu inamnyamazisha, hilo sikatai, nawashauri tu msiianzishe, kwasababu mtoto akitazama simu hayuko na wewe, hasikii nipe mguu, hajifunzi kushiriki, na siku chaji imeisha unarudi ulipoanzia na mtoto mwenye nguvu zaidi.

Kuna wakati umefanya yote hayo na bado hataki, na kinyesi hakisubiri. Hapo fanya. Fanya haraka, kwa mkono thabiti usioumiza, na sauti ya chini, najua hutaki, najua ulikuwa unacheza, nafuta mara moja tunamaliza. Kumwambia najua hutaki sio kumdekeza. Analia lakini haogopi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtoto, mlezi yeyote anayekaa na watoto atakwambia anavitofautisha kwa masikio.

Nisichotaka kukisikia ni kofi la paja. Kufinya. Kumkandamiza kifua kwa kiwiko. Yanafanyika, tusidanganyane hapa, na mengine yanafanywa na watu wanaompenda mtoto kwelikweli ila wamechoka, ni saa kumi na moja alfajiri, gari la kazini linapita saa kumi na mbili. Ndugu yangu, ukihisi mkono unataka kupiga, mweke mtoto chini kwenye mkeka na uchafu wake, geuka, vuta pumzi, mwite mwenzio. Kinyesi cha dakika mbili zaidi hakimdhuru. Na lile la tulia au nitamwita nesi akuchome sindano, tuliache. Chanjo ya surua rubela anapewa kwenye miezi tisa na anarudia kwenye miezi kumi na nane, umri ule ule wa vita ya nepi, sasa umeshamwambia nesi ni adhabu, utampeleka vipi kliniki akae kwenye mzani?

Kwenye nyumba zetu mtoto anapita mikono mingi, mama, baba, dada wa kazi, bibi akija kutoka Kongwa au Bahi. Kaeni mkubaliane maneno yawe yale yale. Kama mama anasema twende tukabadilishe na dada ananyakua kimya kimya, mtoto anaishi kwa tahadhari muda wote. Dada wa kazi umuelekeze kwa heshima, umuoneshe kwa vitendo, yeye ndo anambadilisha mara nyingi kukuzidi.

Na bibi msikilizeni. Bibi zetu wengi wanamshika mtoto mdogo juu ya beseni au uani wanamfanyia shiii mpaka anakojoa, vijana tunaona ni mambo ya zamani. Mwaka 1977 watafiti waliandika kuhusu Wadigo wa pwani huko Kenya, kina mama wanaanza hivo mtoto akiwa na wiki chache tu, mama anasoma dalili za mtoto, mtoto anajifunza kuitikia, na kwenye miezi mitano sita walikuwa wakavu kwa kiasi kikubwa mchana na usiku. Sisemi kila mtu afanye, anayeshinda kazini hawezi. Nasema mtoto mdogo anajua kinachotoka mwilini mwake, anatoa dalili, na akiona kuna mtu anazisoma vita inapungua sana.

Pesa. Pampasi ni ghali na najua wapo wanaomvalisha moja kutwa nzima, siwalaumu, ila gharama ya ile ngozi ikichubuka inazidi. Changanya, mchana akiwa nyumbani nepi za kitambaa au vipande vya kanga kuukuu, pampasi iwe ya usiku na safari. Usiku kama ni mkojo tu, pampasi haijajaa na hana upele, muache alale, usimuamshe kwa ajili ya kubadilisha. Kinyesi ndo cha kuamkia.

La mwisho, wapi unambadilishia. Mtoto anayegoma habadilishwi mezani wala ukingoni mwa kitanda. Anajirusha mara moja tu, wewe umegeuka kuchukua kitambaa, na kichwa ndo kinatangulia. Mkeka chini, kitenge juu yake, mlango umefungwa, mkono wako mmoja uko juu yake mpaka umalize.

Haya, maji ya moto yameshaletwa, mkeka ule pale. Mama mwenye mtoto wa kitambaa cha kijani, ndiyo wewe, umesema wako akiona nepi tu anakimbilia chini ya meza, njoo naye hapa mbele tufanye pamoja, na wewe baba yake njoo pia. Wengine shikeni maswali yenu tutayachukua huku tunaendelea.